Pemba, kisiwa cha vilima na maji marefu

Pemba iko kaskazini-mashariki mwa Unguja, kilomita zipatazo 50 kutoka pwani ya Tanga. Ina urefu wa kilomita 67 hivi, na eneo lake linakaribia kilomita za mraba 1,000. Jambo linaloipambanua zaidi haliko nchi kavu: ni maji marefu yanayoitenga na bara, ambayo kina chake hufika mita 800 hivi.

Maji kati ya Unguja na bara ni mafupi. Katika zama za mwisho za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilishuka kwa mita zipatazo 120, Unguja ikashikamana na bara, na wanyama wakavuka kwa miguu. Ndipo Unguja ikawa na chui wake. Pemba ilibaki kisiwa. Viumbe wake wachache walijitenga kwa muda mrefu mno hata baadhi yao, kama popo mkubwa wa Pemba na aina nne za ndege, wakiwemo ninga na chozi, hawapatikani kwingine duniani. Kima punju wanaoonekana msitu wa Ngezi si wenyeji; waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970.

Upande wa magharibi ni vilima vifupi vilivyosongamana, na mabonde yake hulimwa mpunga. Huko bahari huingia ndani kwa hori nyingi zilizojaa mikoko. Mashariki ardhi ni tambarare zaidi na ya mawe ya matumbawe, udongo wake haba.

Mvua ni nyingi, takriban milimita 1,900 kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam hupata kama 1,100. Kubwa ni ya masika, Machi hadi Mei, kaskazi inapopisha kusi; ya vuli hufuata kuanzia Oktoba.

Mvua hiyo na udongo mzito wa vilimani ndivyo vinavyoupa mkarafuu maisha. Hata hivyo, ukuu wa Pemba katika karafuu ulitokana pia na balaa la jirani: kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku ya Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Tumba huchumwa zikiwa zimeanza kuiva rangi, kabla hazijachanua. Jioni hukaliwa kuchambua, karafuu huku na makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, kisha huanikwa juani siku kadhaa. Mvua ikizinyeshea majamvini, huvunda na kupauka. Makonyo nayo hayatupwi. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, huyakamua mafuta. Mnunuzi wa karafuu kutoka kwa mkulima ni shirika la serikali, ZSTC.

Maji marefu huwaleta jodari na nduaro karibu na ufuko, na kwenye maji mafupi hulimwa mwani. Mafuta na gesi bado ni matumaini: Zanzibar ilitia saini mkataba wa utafutaji na kampuni ya RAK Gas mwaka 2018.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 540,000. Kwa ardhi ndogo hivyo, wengi huhamia kwingine kutafuta riziki, na maduka ya Wapemba yamekuwa sehemu ya kawaida ya mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam.