Kutoka « Fongola » mpaka « Butu »: kundi KOKOKO! lilipoacha kubisha hodi polepole

Huku Manono, kama vile Kalemie ao Kinshasa, mgeni akifika kwenye mlango anasema « kokoko » na kungojea. Kundi moja la Kinshasa lilijipa jina hilo, likaongeza alama ya mshangao. Na kwa albamu yake ya pili, « Butu », iliyotoka Julai 2024, mgeni huyo hangojei tena. Anapiga mlango kwa ngumi.

KOKOKO! lilizaliwa katika kartie ya Ngwaka, Kinshasa, kati ya vijana ambao hawakuwa na makuta ya kununua gitaa. Walitengeneza vyombo vyao kwa takataka: chupa, mikebe, bidoni, vipande vya motere, hata mashini ya kuandika. Mwimbaji ni Makara Bianko, mtu aliyejulikana katika muji kwa maonyesho marefu ya mangaribi pamoja na kundi la wachezaji. Mfaransa Xavier Thomas, anayejiita Débruit, alileta mashini zake za elektroniki. Waandishi wa Ulaya waliuita muziki huo panki, ndugu mkali wa roki. Pale Kinshasa hakuna aliyehitaji jina hilo ili kucheza.

Kuhusu hiyo mikebe, mtu wa Manono ana neno la kusema. Ili mkebe usishike kutu, bati lake linapakwa madini ya étain, na étain inatoka katika kasiterite, ambayo kampuni ya Wabelgiji Géomines ilianza kuchimba hapa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tunachimba, inaondoka, na siku moja inarudi ikiwa mkebe wa nyanya. Vijana wa Ngwaka waliuokota na kuufanya ngoma.

Albamu ya kwanza, « Fongola », ilitoka Julai 2019. Jina hilo maana yake ni ufunguo. Msemaji wa Kiswahili halihitaji mkalimani. Siasa ilikuwemo, lakini kwa mafumbo. Wimbo wao wa mbele zaidi uliitwa « Tokoliana », yaani tunakulana. Nani anamla nani? Kila mtu alijibu mwenyewe, akiwa anacheza.

« Butu » ni usiku. Hapa vyombo vya takataka vimerudi nyuma kidogo, mashini zimesonga mbele, mwendo umeongezeka, na Makara haimbi sana: anapaza sauti kama mtu anayeongoza maandamano. Ni usiku wa Kinshasa pamoja na kelele zake zote, wakati umeme umekatika na kila nyumba inatafuta namna. Watu wa Manono wanaujua usiku wa namna hiyo, wao ambao mtambo wao wa Piana-Mwanga ulinyamaza miaka mingi tangu vita. Wimbo mmoja unaitwa « Bazo Banga », yaani wanaogopa. Mwingine « Telema », simama. Majina mafupi, lakini hayahitaji maelezo mengi. Kusema kweli, baadhi ya nyimbo zinachosha masikio ya mtu aliyezoea rumba, na pengine ndivyo walivyotaka.

Hata hivyo, neno « wanaogopa » halitaji jina la mtu yeyote. Si bahati mbaya. Mu Novemba 2021, tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo ilikataza « Nini to sali te » ya kundi MPR, vijana wengine wa Kinshasa, waliouliza ni kitu gani raia hawajafanya tangu uhuru ili maisha yabadilike. Makelele ya watu yalikuwa makubwa hata katazo likaondolewa siku iliyofuata. Jina la kundi lenyewe lilikuwa mzaha: MPR ilikuwa chama cha Mobutu, kile kilichoangushwa mu 1997 na Laurent-Désiré Kabila, mwenye ukoo wa Waluba wa pande hizi za Manono.

Mashariki, bei ni kubwa zaidi. Delcat Idengo wa Beni aliimba waziwazi, akitaja serikali, MONUSCO na waasi. Alikamatwa zaidi ya mara moja. Mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, alitoka katika gereza la Munzenze pamoja na wafungwa waliotoroka. Tarehe 13 Februari aliuawa kwa risasi mjini Goma, alipokuwa akitengeneza video. Serikali ya Kinshasa iliilaumu M23. Idengo hakuwa na mashini za Brussels wala jukwaa la Ulaya la kukimbilia. Alikuwa na simu, kamera na kartie iliyomfahamu.

Ndiyo sababu mtu hawezi kuwacheka KOKOKO! kwa kuficha maneno yao chini ya kelele. Wanarudi Kinshasa, wana familia pale.

Manono bado haina wimbo wake wa namna hii unaojulikana mbali. Si kwamba mambo yamekosekana: ugomvi wa lithium kati ya AVZ ya Australia, Cominière ya serikali na Zijin ya China umefika mpaka mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na mchimbaji wa mikono anausikia kwenye redio. Mikebe iko, chupa ziko, bidoni ziko.