Ruzuku ya Mbolea na Bei Elekezi

Mkulima wa Tumati, katika nyanda za juu za Mbulu nchini Tanzania, anunuapo mfuko wa mbolea ya kupandia ya DAP wa kilo 50 huiona bei moja tu, nayo ni ile aitoayo mfukoni mwake. Lakini iko bei ya pili asiyoiona, ambayo ndiyo thamani halisi ya mbolea iliyovuka bahari, ikagharimiwa bandarini, kisha ikapakiwa lori mpaka Manyara, na kilichopo baina ya bei hizo mbili ndicho kiitwacho ruzuku.

Mwaka 2022, baada ya maradhi ya korona na vita vya Ukraine kupandisha bei ulimwenguni kote, mfuko huo ulipita shilingi 130,000. Katika maadhimisho ya Nanenane ya mwaka huo, mjini Mbeya, Serikali ilitangaza kwamba mkulima aliyejiandikisha atalipa 70,000, na salio litabebwa na hazina ya umma, kwa fungu la shilingi bilioni 150. Mkulima huandikishwa kijijini kwake, akapewa namba kwa simu; wakala huihakiki namba hiyo na kuusajili mfuko aliomwuzia; na kampuni iliyoleta mbolea hudai haki yake serikalini baada ya mauzo hayo kuthibitishwa, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea.

Wako wasemao kwamba yatosha Serikali kuamuru bei, wala haina haja ya kutoa fedha. Rai hiyo ina hatari kubwa, kwa sababu mfanyabiashara akilazimishwa kuuza chini ya gharama zake ataificha bidhaa, au ataivusha mpaka, au hataagiza kabisa, na duka likawa tupu wakati mvua imekwisha anza. Kadhalika fedha bila ya bei elekezi, yaani kikomo cha bei kiwekwacho na Serikali, ni hasara, maana muuzaji aweza kupandisha bei na kuimeza ruzuku yote, mkulima asionje hata robo yake. Basi mambo haya mawili sharti yaandamane. Na tena malipo ya Serikali yafike kwa wakati, kwani kampuni iliyofungiwa rasilimali yake katika madeni haina cha kuagizia shehena ya msimu ujao.

Haya hatukuyaanza jana. Katika miaka ya 1970 mbolea yenye ruzuku iliuzwa kwa bei moja nchi nzima. Mapema katika miaka ya 1990 ruzuku ikaondolewa hatua kwa hatua. Na mwaka 2008 zikaja vocha, zilizompunguzia mkulima takriban nusu ya bei kwa ekari moja, ingawa aghalabu zilifika kwa wenye jamaa na jaha kabla ya kumfikia maskini.

Kasoro iliyobaki, nami naiona kuwa nzito, ni ya masafa. Bei elekezi hukoma mlangoni mwa wakala: ikiwa wakala yuko Dongobesh au Katesh, nauli ya kwenda na ujira wa kuubeba mfuko hadi shambani ni juu ya mkulima, na mwenye ekari moja huumia kuliko mwenye ishirini. Vyama vya ushirika vipewe uwakala huko huko katani, na mbolea ya kupandia ifike kabla ya mvua. Nawe mkulima, huisha taarifa zako kijijini mapema, usimwazime mtu namba yako, wala usiondoke dukani bila risiti.