Filamu Iliyolala Barafuni Miaka 33

Agosti 1930, meli ya Bratvaag kutoka Norway ilitia nanga Kvitøya, kisiwa cha barafu mashariki mwa Svalbard, na watu wake wakakuta mabaki ya kambi. Wenyewe walikuwa Waswidi watatu, Salomon August Andrée, Nils Strindberg na Knut Frænkel, walioruka kwa puto Julai 1897 wakiitafuta Ncha ya Kaskazini na wasirudi. Katika vitu vilivyookotwa kisiwani mwaka ule zilikuwamo filamu ambazo Strindberg alikwisha kuzipiga picha, lakini hazijasafishwa.

Kazi ya kuzisafisha alipewa John Hertzberg wa Stockholm. Kati ya picha 240 zilizoweza kuwamo, aliokoa 93. Mojawapo inaonyesha puto limelala ubavu juu ya barafu na watu wawili wamesimama wakilitazama. Ina madoa na michirizi, lakini unaona kila kitu.

Iliwezekanaje? Filamu ya nyeusi na nyeupe ni utando wa jelatini uliojaa punje ndogo za chumvi ya fedha. Mwanga ukiigonga punje, hung'oa elektroni. Elektroni hunaswa penye kasoro ndani ya punje, ioni ya fedha huifuata, na hapo inapatikana atomu moja ya fedha. Zikikusanyika atomu nne hivi, punje imeshatiwa alama. Jicho halioni kitu, lakini dawa ya kusafishia huitambua punje hiyo na kuigeuza yote kuwa fedha nyeusi. Zisizo na alama huyeyushwa na fiksa.

Bahati mbaya, joto nalo hutia alama kama hiyo bila mwanga wowote; barafu ya Kvitøya ndiyo iliyoziepusha nalo filamu za Strindberg. Miale ya asili kutoka ardhini na angani hufanya vivyo hivyo, na hiyo haizuiliwi na mlango wa friji. Punje zilizoamka ovyo ndizo zinazoleta ukungu wa kijivu kwenye negativu. Filamu za kasi, ISO 400 kwenda juu, huathirika mapema kwa kuwa punje zake ni kubwa. Za rangi ndizo hatari zaidi: tabaka zake huzeeka kila moja kwa mwendo wake.

Kwa hiyo tarehe ya mwisho wa matumizi iliyopigwa kwenye boksi la filamu ni ahadi ya kiwanda tu; haijui boksi lilikaa wapi. Mimi ningeuamini mkanda uliokaa miaka 20 ndani ya friji kuliko uliokaa mitano juu ya kabati, kwenye nyumba ya bati Tanga. Huko unyevu nao huleta kuvu, na kuvu hula jelatini.

Ukipata mkanda mkuukuu ambao haujapigwa, uongezee mwanga. Wapigapicha wana kanuni yao: kila miaka 10 tangu muda upite, mwanga maradufu. Filamu ya ISO 100 iliyopitwa miaka 30 ipige kana kwamba ni ISO 12. Ni sawa na kupaza sauti sokoni: kelele hazipungui, ila unasikika. Kwa iliyotunzwa kwenye baridi, kanuni hiyo imezidi; punguza.

Kabla ya kupiga, kata kipande gizani. Nusu yake itie kwenye fiksa tu, nusu nyingine isafishe kwanza kwa dawa. Ziweke pamoja dirishani: tofauti ya weusi ndiyo ukungu wako.

Wakati wa kusafisha, usiongeze muda ukidhani utaikoza picha. Utaukoza ukungu pia. HC-110 ya Kodak inasifika kwa kutoamsha ukungu mwingi, na potasiamu bromidi kidogo ndani ya dawa husaidia, ingawa hupunguza kasi ya filamu. Maji ya bomba ya Pwani ni ya moto mno kwa dawa iliyopangiwa nyuzi 20. Zungushia chupa barafu, usitumbukize barafu ndani ya dawa, maana itaipunguza nguvu.

Kwa mkanda uliokwisha kupigwa zamani, huna tena nafasi ya kuongeza mwanga. Usiufungue kuchungulia, na usiupeleke kwenye mashine ya picha za rangi: dawa zake huondoa fedha yote, na kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe fedha ndiyo picha yenyewe. Mtafute anayesafisha kwa mkono.