Kifurushi Kimoja, Safari Ngapi?

Katika biashara ya mtandaoni, kipande cha safari kinachochafua hewa kupita kiasi kinacholingana na urefu wake ni cha mwisho: kutoka ghala la mjini hadi mlangoni kwa mnunuzi. Meli hubeba maelfu ya makontena kwa mkupuo, hivyo moshi unaoangukia kila bidhaa ni mdogo. Bodaboda hubeba vifurushi vichache, na mara nyingi hurudi na baadhi yake.

Dar es Salaam na Nairobi, anwani mara nyingi ni maelezo tu: shuka kituoni, ulizia duka la vipuri, geti jeusi. Dereva anafika, anapiga simu, haipokelewi. Au mteja aliyeahidi kulipa akipokea mzigo ameghairi. Chaja ya simu, ndani ya boksi la kutosha jozi ya viatu, inarudi ghalani, na kesho petroli inachomwa tena kwa ajili yake.

Hapa ndipo uchambuzi wa data unapoyafaa mazingira. Duka likitunza kumbukumbu za simu zisizopokelewa, saa za kufika na mitaa yenye mizigo mingi ya kurudi, litajua nani apelekewe jioni na mtaa upi ukusanyiwe mizigo ya siku nzima. Vipimo vya kila bidhaa vikiwa kwenye mfumo, boksi nalo huchaguliwa kwa kadiri yake. Nchini Marekani, kampuni ya UPS hupanga njia za madereva wake kwa programu ya ORION, na imekadiria kuokoa takriban lita milioni 38 za mafuta kwa mwaka.

Pikipiki za umeme zina faida ya kweli nchini Kenya, ambako umeme mwingi hutokana na jotoardhi, maji na upepo. Lakini pikipiki ya umeme inayozunguka bure bado inazunguka bure. Vituo vya kuchukulia mizigo, kama vile vya Jumia nchini Kenya, vinastahili kutangulia: gari moja hushusha vifurushi vingi, na mnunuzi huchukua chake akitoka kazini kwa miguu. Akiwasha gari lake kwa safari hiyo tu, faida inapotea.

Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, na nyumba nyingi sasa zina namba. Maduka ya mtandaoni yaiombe namba hiyo katika kila oda.