Wakala wa akili unde hafufui logi iliyofutwa

Kuanzia mwisho wa 1998, wadadisi wenye kituo katika mji wa Ikwiriri, Rufiji, walipita kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, na lini. Daftari hilo la Rufiji baadaye lilisimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Logi ya seva ni daftari la namna hiyo: tukio, mahali, saa. Sasa zipo zana zinazomruhusu wakala wa akili unde (si yule wa kutoa pesa) kulifungua mwenyewe, na zimeongezeka tangu Novemba 2024, Anthropic ilipotoa MCP, utaratibu wa wazi wa kuunganisha modeli za akili unde na zana. Uvumi nao umeongezeka.

“Zana inaona kila kilichotokea.”

Si kweli. Inaleta kilichoandikwa na kikabaki. Docker, inayoendesha programu ndani ya visanduku viitwavyo kontena, kwa mpangilio wake wa kawaida huhifadhi logi pamoja na kontena. Ukilifuta kontena, logi imekwenda nalo. Kubernetes, inayosimamia kontena nyingi kwa pamoja, kwa kawaida huacha faili la logi lifike megabaiti 10 hivi, kisha hufungua jingine, na hubakiza mafaili 5 tu kwa kila kontena. Programu yenye maneno mengi huijaza nafasi hiyo upesi, na hitilafu ya alfajiri inaweza kuwa imeshafutika fundi anapofika kazini. Tena kontena likianguka na kuwashwa upya, logi ya kabla ya kuanguka huombwa kwa `kubectl logs --previous`. Wakala asiyeiomba atasoma logi safi ya kontena jipya na kutangaza kwamba mambo shwari.

“Nikimuuliza kwa Kiswahili atanielewa kama fundi wa Kibiti.”

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye gharama. Seva nyingi huandika saa kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Tanzania kwa saa 3. Sisi nasi huhesabu saa za mchana tangu mapambazuko na za usiku tangu machweo. Muuza dawa akisema mfumo ulikwama jana saa mbili usiku, anamaanisha 20:00 ya hapa, ambayo kwenye logi ni 17:00. Modeli iliyojifunza zaidi kwa Kiingereza inaweza kuelewa 02:00, ikatoa saa tatu, ikatua kwenye 23:00 ya juzi. Hapo italeta mistari halisi kabisa ya saa ambayo hakuna kilichoharibika, na kujibu kwa kujiamini. Modeli kubwa zaidi si dawa ya uhakika. Dawa ni kuandika 20:00+03:00, pamoja na tarehe. Mimi ningebandika kanuni hiyo ukutani kabla ya kulipia zana yoyote.

“Husoma haraka kuliko mtu.”

Kweli. Ila modeli ina kikomo cha maandishi inayoweza kubeba kwa mara moja, kwa hiyo zana nzuri huchuja kwanza, kwa saa na kwa uzito wa kosa.

“Logi ni maandishi tu, hayamdhuru mtu.”

Si kweli. Desemba 2021 dunia ilihangaika na Log4Shell: Log4j, programu ya Java ya kuandikia logi, ilikuwa ikipokea maneno fulani na, badala ya kuyaandika tu, inakwenda kuchukua msimbo kwenye seva ya mshambuliaji na kuuendesha. Kwa wakala, hatari imebadili sura. Yeyote anayebisha hodi kwenye tovuti yako anaweza kuacha ndani ya logi sentensi ya kuamrisha, na modeli ikaitii kana kwamba imetoka kwako. Mpe wakala ruhusa ya kusoma tu, na usimpe huyohuyo uwezo wa kutuma barua pepe.

“Humo hamna siri za watu.”

Si kweli. Mei 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake, zaidi ya milioni 330, wabadili nywila, baada ya kugundua kwamba nywila zilikuwa zikiandikwa wazi kwenye logi ya ndani. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Zahanati inayompa wakala logi zenye majina ya wagonjwa, huku modeli iko ng'ambo, imezisafirisha taarifa hizo hata kama haikukusudia. Zifichwe kabla hazijatoka kwenye seva.

“Mtandao ukiyumba ndipo zana hii inapohitajika zaidi.”

Kweli, na ndipo inapoweza kukosekana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama ile seva iliyoko Dar es Salaam huendelea kuandika, lakini wakala anayetegemea modeli ya ng'ambo huenda asiweze kufanya lolote. Fundi wa zamu anarudi kwenye `grep` na `docker logs --since`, ambazo hazihitaji waya wa baharini.