MKANDA WA KEREZO HAULAZIMISHWI

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Ukweli wa methali hii nimeuona katika kibanda cha mjomba wangu, fundi wa jua kali hapa Machakos. Kidole chake cha shahada hakina ncha. Kilibanwa kati ya mkanda na puli zamani akiwa kijana kama sisi, alipojaribu kurudisha mkanda huku mota ikizunguka. Ndiyo sababu nimeshika kalamu kueleza jinsi kazi hii inavyofanywa.

Kerezo ni mashine ya kuchonga vyuma, na mafundi wengi huiita lethi. Kipande cha chuma hufungwa na kuzungushwa, kisha kisu kigumu hukikwangua hadi kiwe mviringo sawasawa. Kerezo la mjomba ni Colchester kuukuu, lililoundwa Uingereza. Kwalo hutengeneza shafti za posho mill na bushi za mikokoteni. Karo yangu hutoka hapo. Mashine ikilala, haikawii nami nikalala nyumbani wenzangu wakiwa darasani.

Mota iko chini, ndani ya mguu wa mashine. Nguvu zake hupandishwa juu na mikanda miwili ya mpira yenye umbo la herufi V. Wengi hudhani kwamba mkanda hukalia sakafu ya mfereji wa puli. La hasha! Hushika kwa mbavu zake, kama kabari iliyobanwa ndani ya gogo. Mbavu zikilika, mkanda hutumbukia hadi chini na kuanza kuteleza. Dalili zake ni mlio mkali, harufu ya mpira unaoungua, na kerezo kusimama kisu kinapouma chuma ilhali mota ingali inanguruma.

Ukiona hayo, fanya hivi:

Kwanza, zima stima kwenye swichi kuu ya ukutani, sio ile ya mashine pekee. Mjomba hutoa fyuzi akaitia mfukoni, asije mtu akawasha bila kujua.

Pili, fungua kifuniko na ulegeze nati za mota. Mota hukaa juu ya bamba lenye bawaba. Iinue kidogo, uitegemeze kwa kipande cha mbao maana ni nzito, na mikanda italegea uitoe kwa mkono. Usiibandue kwa bisibisi! Bisibisi hukata nyuzi zilizo ndani ya mkanda na kukwaruza puli.

Tatu, soma nambari iliyoandikwa mgongoni mwa mkanda. Kwa mfano, B52: herufi B maana yake ni upana wa milimita 17 kwa juu na kina cha milimita 11, nayo 52 ni urefu wa ndani kwa inchi, yaani karibu sentimita 132. Nambari ikiwa imefutika, beba mkanda wenyewe hadi dukani.

Nne, nunua yote miwili. Hapa ndipo tulipoona cha mtema kuni. Mwaka jana mjomba alikuwa na pesa za mkanda mmoja tu. Kumbe ule wa zamani ulikuwa umevutika, kwa hivyo ule mpya ukabeba mzigo wote peke yake. Haukumaliza wiki mbili. Shafti ya mteja ikakaa bila kumalizwa, nami nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Rahisi ghali!

Tano, pangusa puli ziwe kavu bila mafuta. Nyoosha uzi ubavuni mwa puli zote mbili uone kama zimelingana. Vika mikanda, shusha mota, kisha kaza. Bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba: puli zikiwa zimeachana sentimita 40, mkanda uzame kama milimita 6. Ukikaza mno utaua beringi, ukilegeza utateleza tena. Rudisha kifuniko ndipo uwashe stima. Jioni ya siku ya kwanza, zima na upime tena, kwa kuwa mkanda mpya hulegea kidogo unapozoea puli.

Kuna makerezo mengine ya zamani ambayo mkanda umezunguka shafti kuu kati ya beringi, hautoki mpaka shafti ing'olewe. Kwa hayo, mafundi wengine hutumia mkanda wa vipande vinavyounganishwa papo hapo.

Labda utasema, "Mimi sitakuwa fundi, yanihusu nini?" Ndugu yangu, posho mill nyingi huko vijijini huendeshwa kwa mikanda ya aina hii hii, na watoto hutumwa huko na debe la mahindi kila wiki. Ukiona mkanda umechomoka, usiuguse kabla mashine haijazimwa na kusimama kabisa.

Kila tukimaliza kufunga kifuniko, mjomba huniambia, "Mwanangu, mkanda hubembelezwa, haulazimishwi." Kisha huniinulia kile kidole chake, nami sina la kuongeza. Kwa hayo machache, naiweka kalamu yangu chini.