Msusi wa Melini ni Baharia

Kazi ya ususi haipatikani katika saluni za hapa Eldoret peke yake. Meli na boti za kifahari zinazobeba watalii pia huajiri wasusi. Lakini huko kusuka tu hakutoshi: msusi hutakiwa kwanza afunzwe kuzima moto, kujiokoa majini na huduma ya kwanza. Mafunzo hayo yapo chuo cha Bandari, Mombasa.

Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, wamhesabu msusi huyo kuwa baharia kamili. Ajenti haruhusiwi kumtoza pesa za kumtafutia kazi. Pasipoti atajilipia, lakini viza ni juu ya mwenye meli.

Basi ndugu zangu, ajenti akikwambia baba auze ng'ombe ndipo upate kazi melini, huyo ni tapeli. Tahadhari kabla ya hatari!